Machweo ya wapi hayo?

Juzi nilikuwa napanga vitu kwenye lile boksi la viatu ninaloweka karatasi ambazo si za kutupa wala si za maana, nikakutana na kidaftari changu cha safari za mwanzo mwanzo, enzi hizo ndo naanza kujiita mtu wa kusafiri. Kizuri aisee, jalada gumu, kina kamba ya kufungia, nilikinunua Kariakoo kwa bei ya kuuma kwa sababu nilijiaminisha kwamba mtu anayeandika safari zake lazima awe na daftari la heshima. Nikafungua katikati nikakuta nimeandika, kwa mwandiko wa kujitahidi kabisa, "Machweo yalikuwa mazuri sana, moyo ulijaa amani." Basi. Hakuna tarehe, hakuna mahali. Nimekaa kama dakika kumi najiuliza machweo ya wapi hayo. Lushoto? Iringa? Au ni siku ile basi lilitufia njiani karibu na Chalinze tukakaa mpaka giza? maana kama ni siku ile basi hiyo amani sijui niliitoa wapi, abiria wote tulikuwa tunataka kumla dereva mbichi.

Kurasa karibu ishirini ziko hivohivo. "Watu wa huku ni wakarimu." Watu gani, huku wapi. "Chakula kitamu, mandhari ya kuvutia." Yani unasoma unahisi umepewa kipeperushi cha hoteli. Na kinachoniuma ni kwamba nakumbuka kabisa wakati naandika nilikuwa najisikia vizuri, nilikuwa najiona naandika kitu cha kukaa.

Lakini kwenye jalada la nyuma, ndani, kuna mstari mmoja nimeuchora kwa haraka, sidhani hata kama niliuhesabu kuwa ni sehemu ya safari: "Soda 2, mahindi 1, bajaji 3,000, mama anadai noti imechanika." Hapo hapo nikarudi Korogwe. Nikamuona yule mama wa mahindi anainua noti yangu juani kama daktari anaangalia eksirei, anasema hii mwanangu kaitumie kwenu huko, na dereva anapiga honi, na mahindi yanaunguza mkono nayahamisha huku na huku, na kijana wa bajaji amesimama pembeni anacheka akasema nipe mimi nitaibadilisha, akanitolea noti nzima mfukoni kwake. Ukarimu ndo ule pale sasa! Sikuandika hata neno moja juu yake, imebaki tu ile hesabu, na hesabu ndo imemleta.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu daftari la shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alifanya biashara ya treni miaka mingi, Dar na Kigoma. Akitoka Dar anabeba malapa na vyombo vya plastiki, akirudi anakuja na dagaa, mawese na vitenge vya Kongo. Hajawahi kujiita msafiri, ukimuuliza atakwambia nilikuwa natafuta ada za watoto. Ila ana kauntabuku za kwaya mbili kama saba hivi, amezifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ziko juu ya kabati lake pale Tabata pamoja na sufuria za shughuli. Mwaka fulani nilienda kumsaidia kuhama chumba nikazishusha, nikaanza kusoma nimekaa chini sakafuni, kazi ya kuhama ikaishia hapo.

Hamna machweo mle ndani. Kuna vitu kama "Gunia 6. Mpagazi 1,200." Kuna "Gulwe. Maji yamekata reli. Siku 2. Uji 100 × 4." Kuna "Dumu 1 limevuja, hasara, nimewapa majirani kigae." Hilo la mwisho nilimuuliza akacheka mpaka akakaa, kumbe dumu la mawese lilivuja kwenye behewa, watu wakachota kwa kila kilichopatikana, mmoja akaja na kigae cha chungu, na akaamua bora kugawa kuliko kugombana kuhusu nguo zilizochafuka. Miaka zaidi ya ishirini, kila kitu kimo kwenye neno moja, kigae.

Halafu nikafika ukurasa wa mwaka 1996. Nauandika hapa kama ulivyo:

"Tiketi mtoto nusu. Soda mtoto 200. Amemwaga. Soda ya pili 200. Tabora mtoto homa, dawa 150. Amelala Manyoni mpaka Dodoma, Alhamdulillah."

Mtoto ni mimi. Nilikuwa na miaka mitano, ndo nahamishiwa Dar kuja kukaa kwake. Hakuna picha ya safari ile, mimi mwenyewe sikumbuki chochote, nimejaribu mara nyingi nikalala gizani nikijilazimisha kukumbuka hata mlio wa treni, hamna. Lakini ile "Amemwaga" jamani. Imekandamizwa na peni mpaka karatasi imetaka kutoboka. Unaisikia kabisa hasira yake, mama wa watu ana magunia, ana mtoto wa kaka yake asiyetulia, soda imemwagika kwenye kiti. Na bado akanunua ya pili.

Nikamwambia shangazi hizi ni kumbukumbu za safari hizi, unajua? Akasema, "Safari gani, mimi naandika hela. Wewe mtoto hebu nyanyua hilo sufuria."

Ikawa mwaka 2019, mwezi wa sita, binamu yangu anaoa Kigoma, na shangazi akagoma basi kabisa. Basi linakimbia kama limeiba, alisema, mimi nataka treni yangu. Nikakata tiketi mbili, daraja la pili kulala, chumba cha wanawake sita. Kabla hatujaondoka nyumbani akanikabidhi laki na nusu ya njiani, akasema wewe si unapenda kuandika andika, shika hesabu. Na hiyo mambo yako ya milima kaandikie nyuma.

Kwaiyo nikafanya hivo kweli, daftari la kawaida la shule, mbele hesabu, nikaligeuza kichwa chini nyuma mambo yangu. Sijawahi kuacha huo mtindo mpaka leo. Nilidhani sehemu ya nyuma ndo itakuwa daftari la safari na mbele ni wajibu tu, yakawa yanaingiliana, nikifungua mbele nakuta nimeandika "kuku Saranda" alafu pembeni kwa herufi ndogo maneno ya yule aliyeniuzia, nikifungua nyuma katikati ya sentensi ya kupendeza kuna "chai 2, maandazi 4".

Kama hujawahi kupanda treni ile ya kawaida, nikuambie kitu kimoja kuhusu kuandika humo: inatikisa. Ni reli ya mita moja upana, ile ile njia aliyoanza kuijenga Mjerumani pale Dar mwaka 1905 akafika Kigoma 1914, miaka tisa, na sisi tunaenda kwa siku mbili tunalalamika. Ukiandika treni ikiwa kwenye mwendo herufi zinaruka kama zinacheza mdundiko. Mwanzo nilikasirika, nikajiambia nitaandika kwenye vituo tu. Baadaye nikagundua ndo uzuri wake, kwa sababu sa hivi nikisoma lile daftari najua bila kuambiwa wapi tulikuwa tumesimama na wapi tunakimbia. Pale Saranda, treni ikiwa inapanda ukuta wa bonde la ufa kwenda Manyoni, mwandiko umetulia karibu kama wa darasani, maana mwendo ni wa kobe. Alafu unaanza tena kuruka. Hamna simu inayoweza kukuwekea hiyo.

Na Saranda ni kuku. Kila mtu wa reli ya kati anajua. Treni haijasimama sawasawa tayari sahani ziko dirishani, kuku wa kienyeji mzima amekaushwa na moto mpaka anang'aa, na huna muda wa kufikiria maana wewe uko juu, muuzaji yuko chini anakuangalia, na nyuma yako watu watano wananyoosha mikono na hela. Shangazi ana utaratibu wake: hanunui dirisha la kwanza, anasubiri filimbi, anasema kuku hushuka bei kwa filimbi. Nikaandika hilo. Nikaandika pia kwamba safari hii filimbi ilipulizwa, treni ikaanza kuvuta, na yule dada wa kuku akageuka akaondoka na sahani yake bila hata kutuangalia. Tukaenda kununua dirisha la pili kwa bei ile ile ya mwanzo, tena kwa kukimbizana. Shangazi akaniambia hilo usiandike.

Wenzetu chumbani mwanzo walikuwa wananitazama vibaya. Unajua mtu anayeandika mbele za watu kwetu si mtu wa kuaminika sana, ukitoa simu ukajipiga picha hamna neno, ila ukitoa daftari ukaangalia dirishani kisha ukaandika kila mtu anajiuliza ameona nini. Kulikuwa na mama mmoja mnene amevaa kitenge cha njano, anashuka Urambo, akavumilia mpaka karibu na Dodoma akashindwa. "Samahani binti, wewe ni wa serikali au wa gazeti?" Nikamwambia hapana mama, naandika tu safari yangu. "Ya nini?" Swali zuri sana hilo, sikuwa na jibu, nikasema ili nisisahau. Akasema, "Mtu anasahauje treni?"

Shangazi ndo aliniokoa, akasema huyu anashika hesabu zangu, chumba kizima kikapumua. Hesabu inaeleweka.

Baada ya hapo mambo yakageuka upande wa pili, nikawa karani wa chumba. Andika hapo Bahi tumefika saa ngapi. Andika kwamba choo hakina maji tangu asubuhi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa haongei kabisa, kumbe anafuatilia, kila kituo akawa ananitajia kinachofuata kabla hatujafika, Itigi, Tura, Goweko, bila kuangalia nje. Na hapa nakiri kitu: watu wakijua unaandika wanaanza kukuandikisha. Wanakaa sawa, wanatoa maneno ya mkutanoni. Mama wa kitenge cha njano alinisimulia kilimo cha tumbaku kwa sauti ya risala mpaka nikachoka, yani kama mgeni rasmi yupo mlangoni. Vitu vizuri vyote nilivyopata kwake nilivipata nikiwa nimefunga daftari, namenya chungwa, alafu naenda chooni kuvimwaga kwenye daftari kwa mistari miwili mitatu kabla havijapoa. Ndo maana nasema kidaftari kiwe kidogo cha kuingia mfukoni na kalamu iwe ya kawaida. Tena mimi natumia penseli siku hizi, peni ikinyeshewa mvua umekwisha.

Usiku wa pili, kabla ya Tabora, kuna msichana wa chuo alikuwa kitanda cha juu upande wangu, alianza kulia taratibu. Tukaongea mpaka saa tisa. Alinieleza mambo yake yote, na mengine mazito. Asubuhi nimeshika daftari, nikaandika "Itigi mpaka Tura, hajalala" nikaacha hapo. Sijaongeza na sitaongeza. Nikisoma hayo maneno manne nayajua yote, na mtu mwingine akiyasoma hajui kitu. Kuna wanaosema daftari la safari ni lako kwaiyo andika kila kitu, mimi hapo sikubaliani, madaftari yanapotea jamani, yanasahaulika kwenye mabasi, yanasomwa na watoto wa kuhama nyumba kama mimi.

Tabora pale wanakata mabehewa, ya Mwanza yanaenda kwake, ya Mpanda, sisi wa Kigoma tunabaki tunavutwa mbele nyuma gizani masaa. Na hapo ndo mama wa kitenge cha njano akaniomba kitu sikutegemea. Akasema, binti, nichanie karatasi moja, uniandikie. Alikuwa anataka orodha ya vitu alivyopewa Dar na mwanae, kila kitu na kiasi chake, ili akifika mumewe asije kusema umekula njiani. Nikamwandikia. Blanketi moja, sukari kilo tano, viatu vya watoto jozi tatu, hela kiasi fulani ambacho alininong'oneza sikioni. Akaikunja akaiweka kifuani. Asubuhi akashuka Urambo, ameaga kila mtu, mimi akaniita karani. Kwaiyo kwenye daftari langu la safari ile kuna ukurasa umechanwa, umebaki ukingo wenye meno meno, na ndo ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Ngoja nirudi kidogo kwenye hili la mama kuniuliza mtu anasahauje treni. Nilidhani ananidharau, ila kusema kweli ni imani tuliyonayo wote, tunadhani makubwa hayasahauliki. Shangazi mwenyewe, pale tulipopita Gulwe alfajiri, aliamka akasimulia chumba kizima ile mara ambayo maji yalikata reli wakakaa wiki nzima wanakunywa uji. Wiki nzima! Mi nimeliona daftari, ni siku mbili, uji mara nne. Sikumsahihisha mbele za watu, nina adabu zangu. Lakini hakuwa anadanganya, ndivyo ilivyokua kichwani mwake, kila akisimulia inanenepa.

Yule Ibn Battuta unamjua, Mmoroko aliyezunguka dunia, alipita pwani yetu mwaka 1331, Mogadishu, Mombasa, mpaka Kilwa. Kitabu chake hakukiandika njiani, alimsimulia mwandishi huko kwao Moroko baada ya kurudi, kazi ikaisha mwaka 1355, hesabu mwenyewe, miaka ishirini na nne baadaye. Mwenyewe anasema alikuwa ameandika maandishi ya makaburi ya wanazuoni wa Bukhara akaibiwa baharini pamoja na vitu vyake vingine. Sasa soma alichosema kuhusu Mombasa: watu wanakula ndizi na samaki, misikiti ni ya mbao imejengwa vizuri, mlangoni kuna kisima na kikombe cha mti chenye mpini mwembamba wa kuchotea, unaosha miguu, kuna mkeka wa kujifutia kisha unaingia. Mkeka wa kufutia miguu bana! Miaka ishirini na nne na mtu anakumbuka mkeka. Alafu akafika Kilwa, mji mkubwa, mji wa sultani, akasema ni katika miji mizuri kuliko yote, na imejengwa kwa mbao. Kwa mbao? Msikiti Mkuu wa Kilwa ni wa mawe ya matumbawe na ulikuwepo kabla hajazaliwa, nenda hata leo Kilwa Kisiwani utaushika kwa mkono. Wasomi wana maelezo yao, labda mwandishi ndo alikosea, labda alimaanisha nyumba za watu wa kawaida. Mi nasoma hapo naona kitu ninachokijua mwenyewe: mkeka umebaki, mji umeyeyuka. Lile kubwa aliloliona akalipa neno "mzuri" likapotea ndani yake, kama machweo yangu.

Na wale wanaosema sisi hatuna utamaduni wa kuandika safari nao waache. Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, alienda Urusi na Siberia mwaka 1896 na mwajiri wake Mjerumani, na safari yake ikaandikwa kwa Kiswahili. Siberia! Mwenzio analalamika Njombe baridi hawezi kushika kalamu.

Kuhusu simu nitasema kwa ufupi kwa sababu bado inauma. Mwaka mmoja kabla ya safari hii nilienda Mwanza kwa basi, nikaandika kila kitu kwenye simu, nimeandika mpaka vidole vinauma, tena nilijisifu kwamba sasa nimekuwa wa kisasa. Stendi moja njiani nikafungua dirisha ninunue maji, simu iko mkononi, mkono ukatokea chini ukaichukua kama unachuma embe. Sikuona hata sura. Bakapu hamna. Siku nne za safari zimeenda na yule kijana na sidhani kama alizisoma. Kwenye simu siku hizi naweka voisi fupi fupi tu, mlio wa soko, mtu anayeimba, alafu jioni naandika kwenye karatasi.

Siku ya tatu Kigoma harusi ikiwa bado, tukaenda Ujiji, pale penye kumbukumbu ya Livingstone, ambapo Stanley alimkuta mwezi wa kumi na moja 1871. Shangazi alikataa kuingia, akakaa chini ya mwembe nje na soda yake, akasema huyo mzungu nimemsikia tangu darasa la tatu inatosha. Mimi niliingia kwa sababu moja tu. Kabla ya kufika hapo Ujiji, alipokuwa pande za Nyangwe, huko ambako sasa ni Kongo, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua magazeti ya zamani, akayageuza, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Ndo humo aliandika kuhusu mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871. Wino ule ukafifia mpaka ikawa haisomeki, na mwaka 2011 ndo wataalamu wakatoa maandishi yake kwa kupiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Na kilichotoka hakifanani moja kwa moja na kile kilichokuja kuchapishwa kwenye kitabu baada ya kufa kwake, maana aliyaandika upya mwenyewe baadaye na wengine wakahariri. Yani hata yeye, akiwa na karatasi nzuri na muda, aliyasafisha. Nilisimama pale nikafikiria kidaftari changu cha kamba. Kile kilikuwa kimesafishwa tangu siku ya kwanza, sikuwahi kuwa na gazeti.

Nilipotoka nikamsimulia shangazi habari ya magazeti. Akasema, "Ndo maana mimi nilikuwa nabeba daftari la akiba."

Mwaka jana nilipanda ile treni mpya ya umeme kwenda Dodoma kwa kazi. Sina neno baya, ilianza mwaka 2024 na imenipeleka kwa masaa ambayo hayafiki manne, safi, baridi, viti vizuri. Ila kwenye daftari nina mistari mitano tu na miwili inahusu baridi ya eisii. Dirisha halifunguki. Hamna anayekuuzia kitu kwa chini, hamna wa kukuuliza wewe ni wa serikali, jirani yangu alivaa hedifoni kabla ya Pugu akazivua Dodoma. Kabla sijachonga penseli tuko Morogoro. Labda nitajifunza kuandika kwa mwendo ule, sijui, labda inataka jicho jingine. Kwa sasa nikitaka kujaza daftari natafuta chombo kinachochelewa.

Turudi Kigoma, mwisho wa reli. Tulifika alasiri, jua linapiga ziwa mpaka macho yanauma, na kabla hatujapokelewa, kabla hata hajaamkia wenyeji wake vizuri, shangazi akakaa juu ya begi pale nje ya stesheni akasema lete daftari. Nikamsomea yote, kuanzia maji ya kunywa ya Dar. Yeye anahesabu hela iliyobaki mkononi. Tukajumlisha, tukatoa. Ikapungua elfu moja na mia tano.

Tukarudia. Elfu moja na mia tano haipo.

"Mihogo ya Nguruka," akasema. Nikamwambia shangazi mihogo nimeandika, hii hapa, na chachandu yake. Akasema basi ni chai ya Itigi. Chai ya Itigi alilipa yule msichana wa chuo, nikamwonesha, nimeandika "chai, katulipia". Akanyamaza. Watu wamekuja kutupokea wamesimama na mabegi yetu vichwani, binamu anasema shangazi karibuni twendeni, yeye ameinua kidole wasubiri.

"Uliiandikia wapi ile karatasi ya yule mama wa Urambo?"

"Humuhumu, nikachana."

"Na nyuma ya ile karatasi kulikuwa na nini?"

Nikafungua. Ukingo wa meno meno. Ukurasa wa kabla yake unaishia Goweko, wa baada yake unaanzia Tabora asubuhi, chai na mkate. Nyuma ya blanketi na sukari kilo tano kulikuwa na kitu tulichonunua usiku kwa elfu moja na mia tano, na kimeshuka Urambo kifuani kwa mama wa watu.

"Karanga," akasema shangazi.

Mimi nasema asali. Mpaka leo yeye anasema karanga.